UZI: Daniel Igali, mwanamiereka aliyetoka mchangani Bayelsa hadi dhahabu ya Sydney

Kocha wa Kaloleni (saa 3:40 usiku)

Wadau, habari za jioni. Huu uzi utakuwa mrefu, kaeni vizuri.

Jumamosi tulimaliza mazoezi saa sita mchana. Msichana mmoja wa kikosi changu, ana miaka 16, alibaki nyuma kunisaidia kupanguza mkeka. Miguuni alikuwa na viatu vya miereka, vile vya kweli, shingo ndefu na soli nyembamba. Alivipata Gikomba kwenye rundo la viatu vya mpira, na muuzaji akamwambia ni vya ndondi. Alilipa shilingi 350. Cha kushoto kilikuwa kimefumuka upande wa kidole kidogo, akakishona mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Basi akiwa amepiga magoti, kitambaa mkononi, akaniuliza bila kuinua kichwa: "Kocha, kuna Mwafrika aliyewahi kufika juu kabisa kwa huu mchezo wetu? Ama ni Warusi na Wamarekani tu?"

Nikamwambia yuko. Nikaanza kumsimulia pale pale, tukafunga ukumbi nikiendelea, tukafika steji ya Jogoo Road bado sijaingia Olimpiki, matatu mbili zikajaa zikaondoka sisi tumesimama tu. Jumapili akanitumia ujumbe: ametafuta habari za mtu huyo kwa Kiswahili na hajapata. Ndiyo maana naandika.

Anaitwa Daniel Igali. Alizaliwa mwaka wa 1974 katika kijiji cha Eniwari, jimbo la Bayelsa, kusini mwa Nigeria. Ni kule kwenye delta ya mto Niger, ambako maji yamezunguka kila kitu na safari nyingi ni za mtumbwi. Watu wake ni Waijaw, na kwao miereka haikuletwa na mgeni yeyote. Watoto wanaangushana kwenye mchanga, wazee wakitazama, vijiji vikishindana. Igali alianzia huko.

Mliowahi kupigana mchangani mtanielewa. Mguu unazama, huwezi kujisukuma kwa kidole. Nguvu yote inabidi itoke kiunoni na mapajani. Mtu aliyelelewa na mchanga akipanda kwenye mkeka anajiona kama amevuliwa mzigo. Mimi mwenyewe nilianzia kwenye maranda ya mbao yaliyofunikwa turubai, nyuma ya karakana ya seremala, na siku ya kwanza niliyokanyaga mkeka halisi nilihisi miguu si yangu.

Mwaka wa 1994 Igali alikwenda Victoria, Canada, akiwa nahodha wa timu ya miereka ya Nigeria kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Nyumbani mambo yalikuwa mabaya. Uchaguzi wa 1993 ulikuwa umefutwa, na Jenerali Sani Abacha ndiye aliyekuwa madarakani. Michezo ilipokwisha wenzake walirudi, yeye akabaki na kuomba hifadhi. Alikuwa na miaka 20.

Hapo ndipo huwa nasimama nikiwasimulia vijana. Hebu mfikirie mtu wa miaka 20 katika nchi ya baridi, hana ndugu hata mmoja, hajui kesho atafukuzwa au la. Na bado asubuhi anatafuta ukumbi wa mazoezi. Aliingia Chuo Kikuu cha Simon Fraser kule British Columbia, akasoma huku akipigana, na kati ya 1997 na 1999 akashinda mapambano 116 mfululizo. Mia moja na kumi na sita! Kuna vijana wazuri sana hapa Nairobi ambao hawajafikisha mapambano 116 ya mashindano maisha yao yote, ukijumlisha ya kushinda na ya kushindwa.

Kulikuwa na mama mmoja wa huko Canada, Maureen Matheny, aliyemchukua kama mwanawe wa kumzaa. Huyo mama alifariki kwa saratani kabla ya Sydney.

Uraia alipata mwaka wa 1998. Mwaka wa 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Ankara, uzani wa kilo 69. Halafu Olimpiki ya Sydney, mwaka wa 2000, fainali dhidi ya Arsen Gitinov wa Urusi. Alishinda 7 kwa 4. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Canada katika miereka tangu Olimpiki ianze.

Alichofanya baadaye ndicho nilichomwonyesha yule msichana kwenye simu. Alichukua bendera ya Canada, akaitandaza katikati ya mkeka, taratibu, akiinyoosha kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Akakimbia kuizunguka. Kisha akapiga magoti, akainama, akaibusu. Kwenye jukwaa la medali alilia waziwazi.

Nina sehemu ya pili, ile ya baada ya dhahabu, na kwangu mimi ndiyo kubwa zaidi. Ngoja kwanza nisikie wenzangu.

Otis Embakasi (saa 4:02 usiku)

Kocha asante, nimesoma neno kwa neno. Mimi nimekua nikitazama miereka ya runinga, ile ya mikanda na kamba. Sikujua kuna hii nyingine hapa mtaani. Naomba mtu anieleze inavyohesabiwa, maana nimetafuta fainali ya huyo ndugu nikaona refa anainua vidole na sielewi kitu.

Refa Mstaafu (saa 4:19 usiku)

Kijana Otis, umeuliza vizuri. Nitajibu kwa sheria za sasa, kwa sababu tangu siku za Igali zimebadilishwa mara kadhaa.

Igali alipigana mtindo huru. Maana yake unaruhusiwa kushika miguu ya mwenzako na kuitumia yako. Ule mtindo mwingine, Greco-Roman, unakataza kushika chochote chini ya kiuno. Pambano la mtindo huru ni vipindi 2 vya dakika 3, katikati mapumziko ya sekunde 30. Duara la kupigania lina upana wa mita 9, na pembeni kuna mstari mpana wa rangi ya machungwa unaokuonya kwamba umekaribia kutoka.

Vidole vya refa: kimoja ni pale umemsukuma mwenzako nje ya duara. Viwili umemwangusha na kupita nyuma yake ukamdhibiti, au mkiwa chini umemgeuza mgongo ukaelekea mkekani. Vinne umemtoa kwenye miguu ukamrusha moja kwa moja mgongo ukiwa hatarini. Vitano ni ule mrusho mkubwa, miguu inapita hewani na ukumbi mzima unasimama. Mmoja akiongoza kwa pointi 10, pambano linasimamishwa. Na juu ya hayo yote kuna mabega: yakigusa mkeka yote mawili na kushikiliwa hapo, kwisha, hata kama huyo mwenye mabega alikuwa anaongoza.

Hili la mwisho ndilo linalovunja mioyo. Odunayo Adekuoroye wa Nigeria alikwenda Olimpiki ya Tokyo watu wengi wakimwona mgombea halisi wa medali. Pambano lake la kwanza dhidi ya Anastasia Nichita wa Moldova alikuwa anaongoza. Akanaswa mara moja, mabega chini, miaka mitano ya kujiandaa ikaishia hapo. Nimehukumu mapambano mengi, na kupiga mkono mkekani kwa pambano kama hilo ni kazi nzito kuliko watu wanavyodhani.

Kuhusu miereka ya runinga: usiidharau, Otis. Kurt Angle alishinda dhahabu ya mtindo huru Atlanta 1996 kabla hajaingia huko. Na Tamyra Mensah-Stock, bingwa wa Tokyo, alikwenda huko huko mwaka wa 2023. Wanaanzia kwenye huu mkeka wetu.

Mama Neema, Umoja (saa 4:31 usiku)

Kocha, samahani nikitoka nje ya mada kidogo. Binti yangu ana miaka 14, alianza miereka muhula uliopita shuleni, na kwa kweli umembadilisha. Anatembea kichwa juu. Lakini wiki hii amekataa chajio siku tatu. Leo nimepika githeri anayoipenda, ameketi tu anaitazama. Nilipombana akasema ana mashindano na lazima aingie kilo 46. Mizani ya nyumbani inasema 48. Je, haya ni ya kawaida? Nimwachie?

Kocha wa Kaloleni (saa 4:50 usiku)

Mama Neema, hujatoka nje ya mada hata kidogo. Naomba unisikilize kama ndugu: usimwachie. Mtoto wa miaka 14 bado anakua. Kesho zungumza na mwalimu wake, mwambie binti yako atapigana katika uzani unaofuata. Akipoteza huko, atakuwa amepoteza akiwa ameshiba, na atarudi mazoezini Jumatatu.

Nitakwambia yangu. Nilipokuwa na miaka 22 niliitwa kwenye mchujo wa kuteua timu. Mkufunzi niliyekuwa naye wakati huo alitaka niteremke kilo 6 kwa siku 4, kwa sababu kwenye uzani wangu halisi tayari alikuwa na mtu wake. Nilikimbia na karatasi za nailoni chini ya sweta, mchana, jua la Januari. Siku ya mwisho nilikuwa nasukutua maji na kuyatema. Mizani ilikubali. Watu wakanipigia makofi! Kisha nikaingia pambano la kwanza, na dakika ya pili paja la kulia likashikwa na mkazo, likawa gumu kama gogo. Nilianguka bila hata kuguswa. Yule aliyenishinda ndiye aliyeninyanyua. Sikuitwa tena.

Hata wakubwa wa dunia wanateseka na hili. Vinesh Phogat wa India, Olimpiki ya Paris 2024, uzani wa kilo 50. Siku ya kwanza alimshinda Yui Susaki wa Japani, ambaye hakuwa amewahi kushindwa na mgeni. Akafika fainali. Usiku huo alikimbia, akakaa kwenye joto, hata nywele zikakatwa. Asubuhi mizani ikamkuta amezidi gramu 100. Ukiweka mayai mawili mkononi, hayo yanapita gramu 100. Aliondolewa, hakupewa hata fedha, na kesho yake akatangaza kustaafu.

Githeri hiyo ipashe moto. Mwambie kocha mmoja wa Kaloleni amesema ale.

Mama Neema, Umoja (saa 5:08 usiku)

Amekula nusu sahani. Nimemsomea hiyo ya gramu 100, amenyamaza kimya halafu akavuta sahani. Mungu akubariki Kocha.

Kijana wa Webuye (saa 12:15 asubuhi)

Wakubwa kwa wadogo, shikamooni. Mimi niko Kangemi lakini damu ni ya Webuye. Tulipokuwa tukichunga ng'ombe kando ya mto Nzoia, miereka ndiyo iliyokuwa inaamua nani atakwenda kuwarudisha waliopotea. Nilikuwa mdogo kwa umbo, kwa hiyo nimekimbia sana kutafuta ng'ombe. Naupenda huu mchezo, hilo liwe wazi.

Lakini Kocha, kuna kitu kimenikaa vibaya. Huyu Igali alikuwa nahodha. Nahodha! Nchi imemlipia ndege, imemvisha, amefika ugenini akabaki. Kisha anaibusu bendera ya wengine dunia nzima inatazama. Sisi Wakenya hili tunalijua linavyouma. Stephen Cherono alikuwa mtoto wetu, mwaka wa 2003 akawa Saif Saaeed Shaheen wa Qatar, na mwaka huo huo akatwaa dhahabu ya kuruka viunzi na maji mjini Paris mbele ya Wakenya wenzake. Ruth Jebet, mzaliwa wa hapa, akaipa Bahrain dhahabu Rio 2016. Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Sasa unamsimulia msichana wa miaka 16 kwamba shujaa ni yule aliyeondoka? Si unamfundisha kuondoka?

Nauliza kwa heshima, si kwa ugomvi.

Dada wa Donholm (saa 1:22 asubuhi)

Kaka wa Webuye, naelewa uchungu wako lakini umechanganya vitu viwili. Kubadilisha uraia kwa mkataba ni jambo moja, kuomba hifadhi ni jambo lingine. Igali hakununuliwa na mtu. Hakuna aliyemngoja uwanja wa ndege na bahasha. Alikaa miaka 4 kabla ya kuwa raia.

Nafanya kazi na wakimbizi hapa Nairobi. Kila siku naketi na vijana waliotoka kwao kwa sababu zinazofanana na za Nigeria ya 1994. Kuna kijana wa Sudan Kusini alinionyesha video za miereka ya kwao, Wamundari na Wadinka, uwanja umejaa hadi watu wamepanda juu ya malori. Kwao yeye ni mtu mkubwa, nyimbo zimeimbwa kwa jina lake. Hapa anapakua saruji Industrial Area. Siwezi kumwambia kijana huyo kwamba amesaliti mtu.

Kijana wa Webuye (saa 1:40 asubuhi)

Dada, hapo kwa hifadhi nakubali, nilikimbilia kusema. Lakini swali la msichana bado liko. Aliyemlea alipata nini? Eniwari walipata nini?

Kocha wa Kaloleni (saa 2:05 asubuhi)

Eniwari walipata nini. Ndugu yangu, umeuliza sehemu ya pili yenyewe. Niko ndani ya matatu, nitaandika hivyo hivyo.

Igali alipotoka Sydney alianza kuchangisha pesa kwa ajili ya kujenga shule Eniwari, na shule ikajengwa. Alikuwa bado anapigana: mwaka wa 2002 alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Manchester, na mwaka wa 2004 akaenda Athens, akamaliza wa 6. Mwaka wa 2006, akiwa Nigeria, majambazi walimvamia wakamjeruhi kwa kisu. Mtu mwingine hapo angesema basi, nimetimiza wajibu, nirudi Canada nikalale salama. Yeye alirudi Bayelsa kuishi. Aliingia Bunge la jimbo, baadaye akawa kamishna wa michezo wa jimbo hilo hilo, na akachukua uongozi wa shirikisho la miereka la Nigeria.

Sasa shikeni hapa. Tarehe 3 Agosti 2021, Olimpiki ya Tokyo, fainali ya wanawake kilo 68. Upande mmoja Tamyra Mensah-Stock wa Marekani, ambaye baba yake alitoka Ghana. Upande wa pili Blessing Oborududu wa Nigeria, miaka 32, mzaliwa wa Bayelsa. Jimbo lile lile! Nusu fainali alikuwa amemshinda Mmongolia Battsetseg Soronzonbold 7 kwa 2. Fainali akapoteza 4 kwa 1, akatwaa fedha. Ilikuwa medali ya kwanza ya miereka kwa Nigeria katika historia yote ya Olimpiki. Na rais wa shirikisho lake siku hiyo alikuwa Daniel Igali.

Mwanamume aliyeondoka na nguvu zake mwaka wa 1994 alirudi na kitu ambacho Nigeria haikuwa nacho: alijua bingwa wa Olimpiki anakula nini, analala saa ngapi, anahitaji kupambana mara ngapi kwa mwaka kabla hajaitwa bingwa. Ile dhahabu ilikwenda Canada, sawa. Ujuzi wa kuipata ulirudi Bayelsa. Ndiyo maana namsimulia yule msichana. Simfundishi kuondoka, kaka. Namwonyesha mtu aliyekumbuka njia ya kurudi.

Tena kabla ya Blessing kulikuwa na Marwa Amri wa Tunisia, shaba Rio 2016, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupata medali ya miereka kwenye Olimpiki. Wanawake wenyewe waliruhusiwa kupigana miereka ya Olimpiki mwaka wa 2004 tu. Kwa hiyo huu mlango kwa wasichana wetu haujafunguliwa zamani, bado bawaba ni mpya.

Kijana wa Webuye (saa 2:30 asubuhi)

Nimesoma mara mbili. Ile ya rais wa shirikisho na msichana wa jimbo lake, sikuijua. Nimenyamaza, Kocha. Asante.

Otis Embakasi (saa 7:12 mchana)

Sasa Kocha, sisi tunakwama wapi? Nairobi ina vijana wenye nguvu kila kona. Nenda soko la nyama la Burma uone wanavyobeba nyama.

Kocha wa Kaloleni (saa 2:15 usiku)

Otis, nguvu zipo. Tunakwama kwenye vitu vidogo vinavyochosha kuvitaja, lakini nitavitaja.

Mkeka. Tunaoutumia ni vipande vya sponji ngumu tulivyounganisha kwa utepe. Katikati ya zoezi vinaachana, mguu unaingia kwenye ufa na kifundo kinateguka. Afisi moja ilituahidi mkeka kamili, tukapigwa picha tukisalimiana. Sasa ni mwaka wa tatu.

Pili, watu wa kupambana nao. Yule msichana wangu ana uzani wa kilo 53 na kwenye ukumbi mzima hakuna msichana mwingine wa uzani huo. Anapigana na wavulana wa kilo 48 au dada mmoja wa kilo 62. Kila siku anajifunza ama kumwonea mtu ama kuvumilia mtu. Hakuna siku anayokutana na aliye sawa naye. Igali alipofika Simon Fraser alikuta chumba kizima cha watu wa kumtesa, na zile 116 zilitoka humo.

Tatu, mashindano. Kwa Olimpiki, Afrika tunachujwa pamoja na Oceania na wanaofuzu ni wawili tu kwa kila uzani. Kwa Tokyo mchujo ulikuwa Hammamet, Tunisia. Kwa Paris ulikuwa Alexandria, Misri. Sisi wengi wetu tulikuwa tunategemea Jumuiya ya Madola kama dirisha la kupata mapambano makubwa, na mwaka wa 2026 kule Glasgow michezo imepunguzwa hadi 10 na miereka haimo.

Lakini kuna jambo moja limeninyima usingizi wiki hii, na ni kwa uzuri. Olimpiki ya Vijana ya Dakar 2026, ya kwanza ya Olimpiki kufanyika Afrika, miereka yake ni ya mchangani. Ndani ya duara la mchanga, dakika 3, bila mkeka. Mchanga, wadau! Kitu ambacho Igali alianzia. Kitu ambacho Webuye walikuwa nacho kando ya Nzoia. Sitamdanganya mtoto wa mtu kwamba atafika Dakar, muda ni mfupi na njia ni ndefu. Ila mchezo wenyewe wa mchangani sasa una mashindano yake ya kimataifa, na sisi tumekaa miaka tukilia kwamba hatuna mkeka.

Nyuma ya ukumbi kuna uwanja mtupu, kama mita 10 kwa 12. Mzee anayetunza ukumbi amesema tukisafisha takataka tuutumie. Kinachokosekana ni mchanga.

Refa Mstaafu (saa 2:48 usiku)

Kocha, mimi nitakuja kuhukumu bila malipo, na sheria za mchangani ninazo, nitazieleza kwa Kiswahili tuzibandike ukutani. Chekecheni huo mchanga kabla ya mtu yeyote kuukanyaga. Nimewahi kuona goti likipasuliwa na kipande cha chupa, sitaki kuona tena.

Dereva wa Mombasa Road (saa 3:30 usiku)

Huwa sichangii humu, nasoma tu. Nina lori, nabeba mchanga kutoka upande wa Machakos. Ijumaa narudi na mzigo wa mteja wa Buruburu na huwa unabaki. Nikiongeza kidogo nawaletea tani 7, mnilipie dizeli tu. Binti yangu mkubwa alikuwa anapenda judo akaacha kwa kukosa pa kufanyia. Mlango wa huo uwanja lori linapita? Nipimieni upana.

Kocha wa Kaloleni (saa 3:41 usiku)

Ndugu dereva, sijui niseme nini. Nimekwenda sasa hivi na tochi, nimepima: lango ni mita 3 na sentimita 20. Dizeli nalipa mimi. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa faragha.

Dereva wa Mombasa Road (saa 3:55 usiku)

Inapita. Nikunjeni vioo tu. Ijumaa saa kumi na moja jioni.

Dada wa Donholm (saa 4:10 usiku)

Yule kijana wangu wa Sudan Kusini, naruhusiwa kumleta? Kwa Jumamosi asubuhi anaweza kuomba ruhusa kazini. Ni mkubwa, ana kama kilo 90, lakini kwa kufundisha vijana kusimama mchangani sidhani Nairobi ina mtu anayemzidi.

Kocha wa Kaloleni (saa 4:14 usiku)

Mlete dada. Mwambie anakuja kama mwalimu. Wengine wote, Jumamosi saa moja asubuhi, mwenye koleo aje na koleo, mwenye chekeche aje na chekeche. Kijana wa Webuye, wewe nakutegemea.

Kijana wa Webuye (saa 4:20 usiku)

Nipo. Nakuja na koleo mbili na mdogo wangu.

Kilo 53 (saa 4:37 usiku)

Shikamoo Kocha. Shikamooni wote. Ni mimi, yule wa viatu. Nimesoma yote na nimemsomea mama pia. Nauliza tu: Jumamosi nije na viatu vyangu ama mchangani ni miguu mitupu?

Kocha wa Kaloleni (saa 4:39 usiku)

Marahaba mwanangu. Miguu mitupu. Kata kucha.